Shangazi, mke wangu mwenyewe alinirudishia sigara mkononi

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mvuvi wa dagaa, umri wangu miaka 37. Nyumbani ni Igoma, hapa Mwanza, ila kipindi cha giza naishi kambini kisiwani. Mbalamwezi ikiingia napanda boti, nashukia Kirumba mwaloni, narudi kwa mke wangu na watoto wetu watatu. Majibu yako huwa nayasoma kwenye simu nikiwa kambini, ndiyo maana nimepata moyo wa kukuandikia.

Sigara niliijulia ziwani. Nilipoletwa mara ya kwanza nilikuwa kijana mdogo, kazi yangu kuchota maji yanayoingia mtumbwini. Wakubwa wanavuta nyavu, mikono imelowa, hawawezi kushika kiberiti, basi wananiambia mimi niwawashie. Sigara haikolei bila kuvutwa, kwa hiyo pafu la kwanza lilikuwa langu. Hakuna aliyenilazimisha na hakuna aliyenikataza.

Sasa usiku mmoja wa kazi unamaliza pakiti, na mchana nikiamka nawasha ya kwanza kabla sijanawa uso. Kazi yetu unaijua: tunatoka jua likizama, tunatega taa juu ya maji, halafu tunakaa saa nyingi tukisubiri dagaa wajikusanye kwenye mwanga. Ni baridi, ni upepo, na kulala huwezi. Hapo ndipo sigara zinapopita mkono kwa mkono. Tajiri wetu akileta mahitaji ya kambi, unga, chumvi, mafuta ya kupikia, na sigara zimo. Zikiisha, duka la kambini linakopesha. Unaandikwa kwenye daftari, mgawo ukitoka unakatwa. Giza lililopita nilikatwa mpaka hela iliyobaki nikaona aibu kumkabidhi mke wangu.

Nataka kuacha, Shangazi. Nakohoa tangu kabla ya mvua kuanza, asubuhi natoa makohozi mazito. Mtoto wetu wa mwisho ana mwaka na nusu. Kila nikikaa nyumbani kifua kinambana, nikirudi kambini anapata nafuu. Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo. Aliniambia kwa upole tu, lakini liliniingia.

Nimejaribu kuacha zaidi ya mara moja. Kambini sikufika hata alfajiri. Nyumbani nilijitahidi, ila siku ya tatu nikawa mtu mwingine. Kichwa kinagonga, usingizi hakuna, mikono haitulii, mtoto akidondosha kikombe nafoka mpaka majirani wanasikia. Jioni ile mke wangu akamtuma kijana wetu wa miaka kumi dukani, akarudi na sigara mbili. Mama yake akanipa mkononi, akasema, "Baba watoto, vuta tu, nyumba ipate amani."

Nilikwenda pia kituo kimoja cha afya. Mhudumu aliniuliza navuta ngapi kwa siku, nikamwambia. Akatikisa kichwa, akasema, "Sigara ni kuamua tu, kaka." Nikapewa dawa ya kikohozi nikaondoka. Tangu siku ile naona aibu kurudi. Mwanaume mzima niende hospitali kusema nimeshindwa na sigara?

Mwenzangu mmoja wa mtumbwini ananishauri nihamie kwenye ugoro. Anasema hauna moshi, kwa hiyo hautamdhuru mtoto. Ni kweli? Na je, kuna msaada wowote mtu kama mimi anaweza kuupata, au ni kweli ni kuamua tu?

Mvuvi wa dagaa, Mwanza

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole na kazi, na pole na kifua.

Nianze na kikohozi, kwa sababu hicho hakisubiri giza wala mbalamwezi. Kikohozi kikizidi wiki mbili lazima kipimwe kifua kikuu. Chako kimeanza kabla ya mvua. Mvutaji wa sigara ana hatari ya kuugua TB karibu mara mbili ya asiyevuta, na kambini mnalala wengi chini ya paa moja. Sisemi unayo. Nasema nenda zahanati au kituo chochote cha afya cha serikali, ukifika usiseme "nina kikohozi kidogo" ukapewa dawa ya chupa tena. Sema hivi: "Nina kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, naomba nipimwe TB." Kipimo cha makohozi ni bure, na ukikutwa nayo dawa ni bure vilevile. Kama umewahi kutoa damu kwenye makohozi, unapungua mwili au unatoka jasho jingi unapolala, basi usingoje kumaliza kusoma majibu haya.

Na yule mdogo: akianza kupumua haraka haraka, au mbavu zikiwa zinaingia ndani anapovuta pumzi, huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Sasa hilo la "kuamua tu". Mwanangu, wewe umeshaamua, tena zamani. Mtu ambaye hajaamua hafiki siku ya tatu bila sigara huku kichwa kinamgonga. Ulichokosa ni msaada. Nikotini iliyomo kwenye tumbaku hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya pafu, na ubongo uliozoeshwa hivyo tangu ujana huidai kila siku. Ikikosekana, baada ya saa chache tu arosto inaanza: hasira, kichwa, kukosa usingizi, mikono kutotulia, njaa ya ajabu. Hali hiyo hupanda, ikafika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha ikaanza kushuka. Kwa watu wengi, kati ya wiki mbili na nne inakuwa imepungua sana.

Sasa irudie barua yako. Zile sigara mbili zililetwa siku ya tatu. Wewe na mama watoto mlikata tamaa palepale ambapo mabaya yalikuwa yanakaribia kupungua, na hakuna aliyewaambia. Hili linaniuma, kwa sababu sentensi moja ya mhudumu wa afya ingetosha kuwavusha jioni ile.

Kwa hiyo mkeo simlaumu hata kidogo. Aliona nyumba inawaka moto, akatafuta cha kuzimia. Lakini safari hii kaa naye chini kabla hujaanza, watoto wakiwa wamelala, umweleze kwamba kutakuwa na siku kadhaa ngumu, kwamba hasira hiyo itapita, na kwamba hata ukimpigia magoti ukiomba sigara asikupe. Mkubaliane ukihisi kufoka utatoka nje, utembee hadi mwisho wa mtaa na kurudi, na yeye asikufuate wala asiulize. Kama ana dada au jirani anayeelewana naye, watoto washinde kwake jioni mbili tatu hizo. Ila arosto isiwe ruhusa ya kumwinulia mtu mkono. Hilo hata usilifikirie.

Na yule kijana wa miaka kumi asitumwe sigara tena. Sheria ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu wa chini ya miaka 18, na mwenye duka anapaswa kulijua hilo. Lakini weka sheria pembeni. Wewe ulianza kwa kuwawashia wakubwa. Yeye ameshaanza kuwabebea.

Tupange siku. Kalenda ya kazi yako ni mwezi, basi tuifuate. Usiache kipindi cha giza. Kuacha katikati ya kazi, usiku, baridi, wenzako wote wanavuta pembeni yako, ndiko kulikokushinda kabla ya alfajiri, na kungemshinda yeyote. Anza siku ile unayoshuka kwenye boti Kirumba mbalamwezi ikiingia. Sigara ya mwisho iwe ya kambini, usibebe hata kipisi. Siku zile mbaya zote zitakukuta nchi kavu, nyumbani, karibu na watu wako na karibu na hospitali. Giza likirudi utakuwa umeshavuka kilele.

Kabla ya siku hiyo kuna mambo matatu ya kufanya ukiwa bado kambini. Nenda kwa mwenye duka, lipa deni, mwambie afute jina lako kwenye sigara. Chumvi na sabuni akukopeshe, sigara hapana, hata ukija mwenyewe saa nane za usiku. Zungumza na nahodha faragha, si mbele ya kundi, mwambie unaacha na unaomba giza lijalo akupange mbali na wavutaji. Nahodha mwenye busara atakuelewa, maana sigara karibu na dumu la petroli la injini ni hatari kwa mtumbwi mzima. Na tafuta mwenzako mmoja, si lazima aache na wewe, atakayekubali kutokunyooshea sigara. Mmoja tu anatosha kuanzia.

Halafu rudi hospitali. Najua unaona aibu, lakini aibu haikuwa yako kuichukua. Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, na unasema wazi kwamba mhudumu wa afya ampe mtu ushauri, na kwamba ushauri ukienda pamoja na dawa nafasi ya kufaulu inaongezeka. Dawa za kumpatia mtu nikotini bila moshi ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya shirika hilo tangu 2009. Mwaka 2021 ziliongezwa bupropioni na vareniklini, ambazo ni vidonge vya kuandikiwa na daktari. Kwa hiyo hauendi kuungama. Unakwenda kutibiwa uraibu, na huo ni ugonjwa kama mwingine. Siku utakayokwenda kupima makohozi, palepale mwambie mhudumu unataka kuacha sigara na unaomba msaada. Ukikutana na mwingine wa "ni kuamua tu", omba rufaa ya kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando, na uulize daktari wa afya ya akili. Usishtuke kwa jina hilo, haimaanishi una kichaa. Uraibu wa aina zote ndio kazi yao.

Hiyo nikotini isiyo na moshi huja kwa namna mbili utakazoweza kukutana nazo: kibandiko cha kubandika kwenye ngozi na bigijii ya kutafuna. Si kila duka la dawa linaziuza, kwa hiyo anza na maduka makubwa ya mjini yenye mfamasia, na uulize bei kabla hujajipangia. Kwa kuwa wewe unawasha ya kwanza kabla hujanawa uso, mwambie mfamasia hivyohivyo. Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka kwa kawaida huanzia bigijii ya miligramu 4 badala ya 2.

Nayo haitafunwi kama bigijii za watoto. Unaitafuna polepole mpaka uhisi kama pilipili mdomoni, kisha unaiegesha kati ya shavu na ufizi. Ule ukali ukiisha unatafuna tena kidogo, unaegesha upande mwingine, hivyo hivyo kwa nusu saa. Ukitafuna haraka na kumeza mate, utapata kichefuchefu na kwikwi, halafu utasema dawa ni mbaya. Usinywe kahawa wala soda robo saa kabla yake. Watu huitumia kwa miezi kama mitatu wakipunguza taratibu. Ukiwa na tatizo la moyo, mweleze mfamasia au daktari kwanza. Ukiwa na kifafa, vile vidonge vya bupropioni havikufai.

Ukikosa dawa usivunje nia yako ya kuacha. Wengi wameacha bila hizo, kwa kushikwa mkono na watu wao. Dawa inapunguza ukali na kukurahisishia safari.

Kuhusu ugoro, mwenzako ana ukweli nusu. Moshi hauna, kwa hiyo kifua cha mtoto kitapumzika na moshi wako. Lakini ni tumbaku ileile na nikotini ileile, na tumbaku inayowekwa mdomoni husababisha saratani ya kinywa. Utakuwa umebadilisha mlango wa kuingilia, ubongo wako ukabaki na deni lilelile. Shisha na sigara za umeme nazo ziache zilipo.

Ukiwa nyumbani hizo siku za mbalamwezi, kaa mbali na pombe. Nawajua wavuvi, mbalamwezi ndiyo wakati wa kukaa baa, na glasi ya pili ikishuka mkono unatafuta sigara wenyewe. Kahawa nayo ipunguze nusu. Watu hawaambiwi hili: moshi wa sigara huufanya mwili uondoe kafeini haraka, kwa hiyo ukiacha, vikombe ulivyozoea vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, vinakutia wasiwasi na kukunyima usingizi, nawe unadhani ni arosto. Fua nguo zote na blanketi, na mpaka siku yenyewe ifike usivute ndani hata mlango ukiwa wazi. Moshi unabaki kwenye mapazia na kwenye shati unalombebea mtoto.

Giza litarudi na utarudi ziwani. Hapo ndipo nataka ujiandae kuliko pote, kwa sababu zile saa za kusubiri dagaa kwenye taa zina nafasi ya sigara iliyokatwa kwa kipimo chake, na nafasi hiyo isipojazwa itajijaza yenyewe. Hamu ikija haikai. Inakuja kwa nguvu kama wimbi, na baada ya dakika tatu hadi tano inakuwa imepita, uvute usivute. Kazi yako ni kuvuka hizo dakika tu. Beba karanga, vipande vya muwa, mhogo mbichi, tangawizi ya kutafuna, na maji ya kunywa ya kutosha. Mikono ipe kazi. Chukua sindano ya nyavu na uzi, shona matundu, hata yale ambayo yangesubiri asubuhi. Ile bigijii, kama umeipata, iweke kwenye mfuko usiopitisha maji na uanze kuitafuna kabla wenzako hawajawasha, usisubiri mpaka hamu ikushike. Na mkeo awe macho kwenye simu usiku wa kwanza, pale mtandao unaposhika. Mpigie, hata kama huna la kusema.

Unaweza kuteleza. Ukivuta moja usiku fulani, usiseme "basi tena" ukamaliza pakiti. Itupe, na inayofuata usiiwashe. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya kufaulu, na kila jaribio liliwafundisha ni saa gani wanaangukia. Lako limeshakufundisha siku ya tatu.

Kikohozi kinaweza kuongezeka kidogo wiki za mwanzo, mapafu yanapojisafisha. Kama TB imeshapimwa na haipo, usiogope. Katika miezi ya kwanza, kuanzia mmoja hadi tisa, kukohoa na kuhema hupungua. Ukimaliza mwaka bila sigara, hatari yako ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa nusu ya ile ya mvutaji. Una miaka 37, bado una mengi ya kuokoa. Na hela ya mgawo unaokatwa, mpe mama watoto yote kwa giza moja tu, mbele ya watoto, bila maelezo.

Ninalo neno pia kwa matajiri wa mitumbwi, maana najua mnasoma. Mnapofunga mahitaji ya kambi, toeni sigara kwenye orodha. Vijana wanaokesha juu ya maji kwa ajili ya mali yenu wanaanzia hapo, wakiwa na umri ambao hata dukani hawaruhusiwi kuuziwa. Fedha hiyohiyo nunueni gunia la karanga na makoti mazito ya baridi, na mfanyakazi akiomba siku ya kwenda kupima kifua, mpeni na nauli ya boti.